Kuhama Kiunzi cha Tovuti bila Kupoteza Ukaguzi wa Data: Kutoka AngularJS hadi React katika DHIS2, kwa Mtazamo wa Wilaya ya Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu ya DHIS2, inayotumiwa na Rwanda katika taarifa za afya, ilivyohamisha kiolesura chake cha sajili za wagonjwa kutoka kiunzi cha AngularJS hadi kiunzi cha React. Hoja inayojengwa ni kwamba data iliyomo katika hifadhidata haiko hatarini sana wakati wa kuhama. Kilicho hatarini ni marekebisho ya kienyeji yaliyopachikwa juu ya kiolesura cha zamani, yaani skripti za ukaguzi, fomu za pekee na tafsiri. Aghalabu hayo hayana orodha wala mlezi. Wilaya ya Rusizi imechukuliwa kuwa kitovu cha mjadala kwa sababu ni wilaya ya mpakani, ambako kosa dogo katika utafutaji wa jina huzaa rekodi mbili za mtoto mmoja.

Maneno msingi: kiunzi cha tovuti, AngularJS, React, DHIS2, sajili ya chanjo, upatanisho wa kisarufi, Rusizi

Utangulizi

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu kwa jina la zamani, iko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika Mto Rusizi na mji wa Kamembe unapotazamana na Bukavu. Wilaya ina hospitali mbili, Gihundwe na Mibilizi, pamoja na vituo vya afya vilivyoenea kuanzia bonde la Bugarama hadi kisiwa cha Nkombo. Kigali iko mbali, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Fundi wa mifumo anayeitwa kutoka makao makuu hafiki kwa saa moja, na simu yake haiwezi kumwonesha kinachotokea kwenye skrini ya muuguzi.

Rwanda ilianza kutumia DHIS2 kama mfumo wa taifa wa taarifa za usimamizi wa afya mwaka 2012. DHIS2 ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake imo katika mradi ulioanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Mwanzoni kazi yake ilikuwa jumla za mwezi: wagonjwa wangapi wa malaria, kina mama wangapi waliojifungulia kituoni. Baadaye zikaongezwa sajili zinazomfuata mtu mmoja mmoja, zikiwemo za chanjo za watoto na, kuanzia mwaka 2021, za chanjo ya UVIKO-19.

Tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jumla ya mwezi ikichelewa siku mbili, mtu wa takwimu hulalamika. Rekodi ya mtoto isipoonekana siku mama yake amekuja, muuguzi hulazimika kuamua papo hapo: achanje tena, amrudishe nyumbani, au amfungulie rekodi mpya. Katika wilaya ya mpakani, ambako familia ina ndugu pande zote mbili za mto na jina moja huandikwa kwa tahajia mbili au tatu, uamuzi huo hufanywa mara nyingi.

Viunzi viwili

Kiunzi cha tovuti ni seti ya vijenzi na kanuni ambazo mtunga programu huzikuta tayari, akajenga juu yake badala ya kuanza na ardhi tupu. AngularJS, iliyotoka Google, ilifikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2012 na ikapendwa upesi kwa sababu iliunganisha fomu na data moja kwa moja: kinachoandikwa katika kisanduku hubadilisha thamani, na thamani ikibadilika kisanduku nacho hubadilika. Programu ya DHIS2 iitwayo Tracker Capture, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango wa sajili zote za watu binafsi kwa anayetumia kompyuta, ilijengwa kwa kiunzi hicho.

Urahisi huo una gharama yake. AngularJS huweka mlinzi kwa kila sehemu ya ukurasa inayotegemea data. Mtumiaji anapoandika herufi moja, walinzi wote huulizwa kama thamani zao zimebadilika, na zoezi hurudiwa hadi pasiwe na badiliko jipya. Kwa fomu ya maswali kumi hakuna anayehisi. Kwa fomu yenye mamia ya visanduku, katika kompyuta ya mkononi iliyokwisha umri, herufi huanza kuchelewa nyuma ya vidole. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, hufuata njia nyingine: data hushuka kwa upande mmoja, kutoka kijenzi mzazi kwenda kijenzi mwana, na kijenzi kilichoguswa na badiliko, pamoja na vilivyo chini yake, ndicho kinachochorwa upya.

Mwezi Oktoba 2014 watunzi wa AngularJS walitangaza kwamba toleo la pili lingeandikwa upya kabisa. Tangazo hilo liliwashtua waliokuwa wamejenga mifumo mikubwa, kwa kuwa wakati huo hakukuwa na njia iliyoelezwa ya kuvuka kutoka la kwanza hadi la pili. Angular mpya ilitoka Septemba 2016 ikiwa na zana za kuendesha viunzi hivyo viwili pamoja. Hata hivyo, wengi walikwisha kujiuliza swali la haki: ikiwa ni lazima kuandika upya, kwa nini mtu abaki na jina lile lile? DHIS2 ni miongoni mwa miradi iliyochagua React kwa programu zake mpya. Kwa hiyo mrithi wa kiunzi si lazima awe mwana wa kiunzi hicho, jambo linalosahauliwa na mikataba ya matengenezo inayoandika tu kwamba mfumo utapandishwa hadi toleo linalofuata.

Matengenezo ya AngularJS yalikoma rasmi tarehe 31 Desemba 2021, baada ya tarehe ya awali kuahirishwa kwa miezi sita kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Tangu hapo mianya kadhaa ya kiusalama imeorodheshwa, mingine ikimruhusu mtu kuilemea programu kwa maandishi yaliyotungwa kwa makusudi. Zipo kampuni zinazouza masahihisho kwa wanaotaka kubaki. Kwa wizara ya afya njia hiyo ni deni lisilo na mwisho: malipo hurudi kila mwaka na hayajengi kitu.

Kinachobaki mahali pake

Hofu ya kwanza ya watunga sera ni kupotea kwa rekodi. Hofu hiyo ina mantiki, lakini imeelekezwa mahali pasipo. Rekodi za watoto zimo katika hifadhidata ya seva. Kiolesura, kiwe cha AngularJS au cha React, ni dirisha tu la kuzitazamia na kuzijaza. Dirisha likibadilishwa, vilivyomo chumbani havihami. Majina ya chanjo, vituo, wilaya na sekta, pamoja na tafsiri za majina hayo, vyote hubaki katika hifadhidata ile ile.

Kuna tahadhari moja ya kiufundi. Dirisha na seva huzungumza kupitia anwani maalumu za maombi. DHIS2 ilileta anwani mpya za sajili za watu binafsi, ikazitunza zile za zamani kwa muda, kisha ikaziondoa katika toleo la 42. Programu yoyote ndogo iliyoandikwa nchini ili kuchota data kutoka anwani za zamani, iwe ya kuchapisha kadi au ya kutuma ujumbe wa kumkumbusha mama tarehe ya kurudi, hunyamaza siku seva inapopandishwa. Aliyeiandika huenda alikwisha kuhamia kazi nyingine, na huenda hakuna anayekumbuka kuwa ipo.

Ukaguzi unaopotea kimya

Hapa ndipo palipo kiini cha tatizo. Tracker Capture iliwaruhusu wasimamizi wa mfumo kubuni fomu zao wenyewe na kupachika ndani yake skripti za JavaScript. Uhuru huo ulitumika sana katika nchi nyingi, na kwa sababu njema: fomu ilifananishwa na daftari la karatasi lililozoeleka, sehemu zisizohitajika zikafichwa, na tarehe zikakokotolewa zenyewe. Capture, programu mpya ya React, haiendeshi skripti za namna hiyo. Uamuzi huo una msingi imara wa kiusalama, kwa kuwa skripti iliyopachikwa katika fomu hufanya kazi kwa mamlaka ya yeyote aliyeingia katika mfumo. Badala yake kuna sheria za programu, zinazoandikwa katika mipangilio ya mfumo wenyewe, na programu-jalizi zinazotungwa kwa utaratibu unaodhibitiwa.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonesha athari. Fomu ya chanjo ya kituo fulani ina skripti tatu. Ya kwanza hukataa tarehe ya BCG iliyotangulia tarehe ya kuzaliwa. Ya pili hugeuza uzito ulioandikwa kwa gramu kuwa kilo. Ya tatu hukokotoa tarehe za dozi za Penta, ambazo Rwanda hutoa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Siku kituo kinapohamia Capture, fomu inafunguka, visanduku vyote vipo, kitufe cha kuhifadhi kinafanya kazi na hakuna ujumbe wa kosa. Muuguzi aliyezoea kuandika 3200 anaendelea kuandika 3200. Mfumo unapokea. Mtoto wa kilo elfu tatu na mia mbili anaingia katika sajili ya taifa.

Uzito wa namna hiyo angalau huchekesha, na kwa hiyo hugunduliwa. Kosa la tarehe halichekeshi. Tarehe ya dozi ya tatu isipokokotolewa, mtoto haingii katika orodha ya wanaotarajiwa wiki hiyo, na mhudumu wa afya wa kijiji hatumwi nyumbani kwao. Mfumo ulioanguka hupigiwa simu. Mfumo ulioacha kukagua hauna wa kuulalamikia, na hitilafu yake huonekana miezi kadhaa baadaye katika jedwali la wilaya, ikiwa imevaa sura ya tatizo la huduma.

Rekodi mbili za mtoto mmoja hufanya vivyo hivyo. Ikiwa dozi ya kwanza imeandikwa katika rekodi moja na ya tatu katika nyingine, takwimu huonesha mtoto aliyeacha chanjo katikati na mwingine asiyewahi kuianza. Kiwango cha wanaoacha kati ya dozi ya kwanza na ya tatu ya Penta ni miongoni mwa viashiria vinavyotazamwa zaidi katika mipango ya chanjo duniani. Wilaya kama Rusizi inaweza kulaumiwa kwa uzembe ambao haukutokea. Capture ina hatua ya kumtafuta mtu kabla ya kumsajili na kuonesha rekodi zinazofanana, na katika jambo hili ni bora kuliko ilivyokuwa awali. Lakini hatua hiyo hutegemea sifa zilizoteuliwa kutafutiwa. Zikiteuliwa Kigali kwa kufikiria kwamba kila mtoto ana namba ya utambulisho, mama aliyevuka daraja kutoka Bukavu akiwa na kadi ya karatasi hatapatikana kwa njia yoyote ila jina lake, na jina lenyewe lina tahajia tatu.

Kinachotakiwa, basi, ni orodha: kila skripti, kazi yake, aliyeiomba, na sheria ya programu itakayochukua nafasi yake. Kazi hiyo haina mvuto. Haifanywi na mtaalamu wa React bali na mtu anayejua kwa nini muuguzi wa Bugarama aliomba kisanduku fulani kifichwe. Ndiyo kazi inayokatwa kwanza bajeti inapopunguzwa.

Kiswahili katika kiolesura kipya

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Katika soko la Kamembe na kwenye vivuko vya kuelekea Bukavu hakikungoja sheria. Kwa hiyo si jambo la pembeni kuuliza nini hutokea kwa tafsiri za kiolesura kiunzi kinapobadilishwa.

Tracker Capture hutunza maneno yake kwa funguo: kila ujumbe una kitambulisho kisichobadilika, na mbele yake huandikwa tafsiri ya lugha husika. Programu za React za DHIS2 hutumia sentensi ya Kiingereza yenyewe kama ufunguo. Watunzi hufurahia, kwa kuwa msimbo husomeka kwa urahisi. Kwa mfasiri mambo ni tofauti. Mtunzi akisahihisha neno moja katika sentensi ya Kiingereza, ufunguo umebadilika, uhusiano na tafsiri unakatika, na ujumbe uliokuwa kwa Kiswahili unarudi kuwa wa Kiingereza bila onyo. Aidha, tafsiri za programu ya zamani hazihami zenyewe, kwani vitambulisho havifanani. Kila lugha isiyo na kikundi cha kudumu cha wafasiri huanza upya, na kila toleo jipya huitoboa.

Tatizo la ndani zaidi ni la kisarufi. Programu mpya huunda jumbe zake kwa kuchomeka jina la kinachosajiliwa katika sentensi moja ya jumla. Kiingereza hustahimili jambo hilo. Kiswahili hakistahimili, kwa sababu kivumishi na kitenzi hufuata ngeli: mtoto mpya, kituo kipya, gari jipya, mtoto amesajiliwa, kituo kimesajiliwa, kaya imesajiliwa. Zana za tafsiri za viunzi vya sasa hutambua umoja na wingi, na kwa Kiswahili hutoa nafasi mbili za umbo. Nafasi ya ngeli haipo. Mfasiri mwaminifu hulazimika kuchagua upatanisho mmoja na kukubali makosa katika majina mengine yote.

Njia ya kukwepa ipo, nayo ni ya mwandishi kuliko ya fundi. Sentensi hupewa nomino yake yenyewe, ambayo upatanisho wake haubadiliki, na jina lililochomekwa husimama kando: "Usajili umekamilika: kituo", "Usajili mpya: mtoto". Sentensi hizo hazina uzuri wa pekee, lakini ni sahihi kwa kila nomino. Mwongozo wa namna hiyo ungefaa kuandikwa mara moja kwa ajili ya programu zote za afya za eneo hili, na wanaisimu ndio wenye ujuzi wa kuuandika. Hadi sasa kazi ya tafsiri za programu imeachiwa zaidi mafundi wanaojitolea, na matokeo yake yanaonekana katika simu ya karibu kila mtu.

Kuishi na violesura viwili

DHIS2 haikuzima Tracker Capture kwa usiku mmoja. Kwa matoleo kadhaa programu hizo mbili zilikaa pamoja, na Capture ilipofika mahali ambapo haikuwa bado na uwezo, ilimpeleka mtumiaji katika Tracker Capture. Baadaye wasimamizi walipewa uwezo wa kuhamisha sajili moja moja: ya chanjo leo, ya kifua kikuu mwakani. Watunga programu huifananisha mbinu hii na mti wa jamii ya mikuyu unaoota juu ya mti mwingine, ukashusha mizizi taratibu hadi ule wa awali ukaisha ndani yake.

OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuitumia katikati ya miaka ya 2000, imepita njia ya jirani. Kiolesura chake cha awali, kilichoandikwa kwa kurasa za JSP, kilitolewa katika kiini cha mfumo mwaka 2016 na kufanywa moduli inayoweza kuwekwa au kuachwa. Kizazi cha tatu cha kiolesura hicho kimejengwa kwa React katika vipande vinavyojitegemea. Nchini Kenya, KenyaEMR ilipohamia kizazi hicho, watumiaji waliweza bado kurudi katika kurasa za zamani kwa kazi ambazo hazijahamishwa.

Kuishi na violesura viwili kuna ghadhabu zake. Muuguzi huingia katika skrini mbili zenye mpangilio tofauti ndani ya saa moja, na mkufunzi hufundisha yote mawili. Kipindi hicho kisipowekewa ukomo, hugeuka kuwa hali ya kudumu, na gharama ya matengenezo huwa maradufu. Pamoja na hayo, kwa wilaya iliyo mbali na mafundi, ukuta wa muda ni salama kuliko kuhama kwa siku moja.

Mambo ya kuamuliwa na watunga sera

Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda data binafsi na faragha, inaitaja hali ya afya kuwa data nyeti na inamtaka anayeidhibiti kuilinda ipasavyo. Ni vigumu kuona jinsi taasisi itakavyotetea kiolesura cha rekodi za wagonjwa kilichojengwa juu ya kiunzi ambacho mtengenezaji wake aliacha kukisahihisha. Kuhama, kwa mtazamo huo, si hiari ya idara ya teknolojia. Ni wajibu wa kisheria wenye bajeti yake, na bajeti hiyo yafaa ionekane katika fungu la matengenezo la kila mwaka badala ya kusubiri mfadhili wa mradi mpya.

Kipimo cha mafanikio nacho kinahitaji kuamuliwa mapema. Kuhesabu vituo vilivyoanza kutumia programu mpya hakutoshi. Kwa miezi mitatu kabla na miezi sita baada ya kuhama, wilaya inaweza kulinganisha vitu vinavyopatikana katika hifadhidata yenyewe: idadi ya rekodi zinazofanana, tarehe za chanjo zilizotangulia kuzaliwa, uzito uliopita mipaka, na watoto wasio na tarehe ya dozi inayofuata. Hesabu hizo hazihitaji utafiti mpya. Meneja wa data wa hospitali anaweza kuziandaa kwa alasiri moja.

Siku ya kuhama haipaswi kuangukia wiki ya kampeni ya chanjo wala siku za mwisho wa mwezi, wakati vituo vinapofunga ripoti. Kwa Nkombo, ambako kifaa kilichoharibika huvushwa kwa mtumbwi, programu mpya yafaa ifunguliwe na kuhifadhiwa katika kivinjari cha kila kompyuta kabla haijarudishwa kisiwani, kwa sababu upakuaji wa kwanza ndio mzito na unaofuata huwa mwepesi. Na mkataba wa mtoa huduma yeyote useme wazi kwamba orodha ya skripti, sheria zilizochukua nafasi zake na tafsiri za Kiswahili na Kinyarwanda zitakabidhiwa kwa wizara, na tafsiri hizo zitarudishwa katika mradi wa pamoja wa DHIS2, ili kituo cha Bukavu au cha Kigoma kisianze tena na sentensi ya kwanza.